Mkasi wa Kupogolea

Asubuhi ya Julai, Mpunguzi.
Vidole vyangu huamka nyuma yangu:
nimeshasimama, vyenyewe bado vimejikunja
kama mbuzi wakaidi mlangoni mwa zizi.
Navitia kwenye beseni la maji ya vuguvugu
na kuvingoja.
Nimepima kwa redio: taarifa ya habari inaanza, inakwisha,
nami bado nipo kwenye kifungo cha pili cha gauni.

Mkasi wa kupogolea umetundikwa msumarini.
Miaka kumi na minane umekijua kiganja hiki.
Nilikuwa napogoa mzabibu huku nikisimulia,
acha macho mawili, kata, sogea,
acha mawili, kata.
Sasa ukivimba mkono wa kulia, wa kushoto nao huvimba,
kama mapacha wanaogombea nguo moja ya sikukuu.

Walisema ni baridi. Vaa sweta, Ndudula.
Walisema ni uzee. Nina miaka thelathini na tisa.
Mama Chiduo akanong'ona kwamba ni jicho la mtu,
maana zabibu zangu za mwaka juzi zilikuwa nzuri mno.
Nikapaka mafuta ya nyonyo, nikafunga kitambaa chekundu,
nikameza vidonge vya dukani mpaka tumbo likawaka.
Hata jina lenyewe ni la uongo: baridi yabisi!
Mtu akilisikia anatafuta koti.

Kliniki ya viungo, mjini, ni Jumanne.
Benchi lao limechongwa na mtu asiye na magoti.
Hapo ndipo nilipojua kuwa maumivu nayo yana koo zake,
kila ukoo na miiko yake.
Mzee Mazoya wa Kigwe, aliyeendesha trekta maisha yake yote,
goti lake limelika kama bawaba ya mlango wa ghala.
Lake huuma jioni, akishatembea.
Langu huuma alfajiri, nikishapumzika.
Tulibishana nani ana nafuu, tukacheka,
tukanyamaza.

Sefania mwenye bucha alikuja na kandambili mguu mmoja.
Usiku wa manane kidole gumba kiliwaka,
hata shuka likawa zito kama jiwe.
Jongo: tindikali ya damu imeganda kiungoni
kama magadi kando ya bwawa linalokauka.
Watu humcheka, ati ugonjwa wa supu.
"Na babu yangu je," akauliza, "aliyekula mlenda tu?"
Hakuna aliyemjibu.

Pembeni, binti wa chuo, Yunisi, na mwavuli wake ndani ya nyumba.
Mashavuni wekundu umetanda kama mbawa za kipepeo.
Lupasi. Jua humchochea.
Jua! Na hapa ni Dodoma.
"Ulinzi wa mwili wangu," akasema,
"ni mbwa anayemng'ata mwenye nyumba."
Nikaitazama mikono yangu.
Mbwa yule yule.

Daktari Chiwanga alibonyeza vifundo kimoja kimoja
kama mnunuzi anayejua zabibu.
Akauliza vinaganda kwa muda gani asubuhi.
Nikamwambia: taarifa ya habari, na matangazo ya vifo, na nyimbo mbili.
Akaandika: zaidi ya saa moja.
Si baridi, akasema. Si uzee.
(Wala si Mama Chiduo, nikasema moyoni, na aibu kidogo.)
Hauponi, ila unafugika, ukiwahiwa.
Kidonge mara moja kwa wiki, si kila siku, usisahau,
na damu ipimwe.
Nimechagua Ijumaa.

Msimu wa kupogoa ulipofika, mwanangu Malogo alishika mkasi,
mimi nikaonyesha kwa kidevu.
Akakata jicho lisilokatwa.
Nikamnyang'anya.
Nilikata matawi matatu.
La nne nikamrudishia, bila kusema kitu,
naye akaacha macho mawili, sawasawa.

Jana gauni lilifungika kabla ya habari za michezo.
Leo, taarifa nzima.
Ijumaa ni keshokutwa.